Kidole cha Ukoo

Osée Kule alikuwa fundi wa kushona, na mtu asikudanganye, kazi ya kushona si mashine. Mashine ukiikanyaga inakwenda. Kazi ni makasi. Nguo iliyokatwa vibaya hakuna mashine itakayoiokoa, na iliyokatwa vizuri hata ukiishona unasinzia itamkaa mwenyewe. Osée alikuwa amekata nguo miaka ishirini na miwili katika duka lake nyuma ya soko kuu la Bunia, na wanawake wa mtaa wa Nyakasanza walikuwa wakisema makasi yake yanavijua viuno vyao kuliko waume zao. Waume walikuwa wanasikia, na waliendelea kulipia nguo.

Halafu mlango wa chuma wa duka ukamwangukia. Ilikuwa asubuhi, anaufungua kama siku zote, bawaba ikakatika, na kidole cha shahada cha mkono wa kuume kikabaki katikati ya chuma na saruji. Kiungo cha katikati kikapondeka. Mfunga mifupa wa mtaani alikizungushia majani wiki tatu, akayafungua, akakitazama, akasema yeye amefanya sehemu yake. Kidole kiliuma mchana na usiku, na ukikigusa kilicheza pembeni kama jino la mtoto. Hata kifungo cha shati Osée alikuwa anafungiwa na mkewe.

Ndipo akampata dokta Bibiane, mwanamke mfupi aliyesomea mikono tu, mikono na ngozi, akaja kutoka Kisangani kukaa Bunia mwaka mzima. Dokta hakuremba maneno. Kiungo kimekufa, alisema. Atakitoa, atakutanisha mfupa na mfupa, ataifunga kwa waya mpaka ishikane iwe kitu kimoja. Maumivu yatakwisha. Lakini pale katikati kidole hakitakunjika tena maisha yote. Jinsi atakavyokiweka ndivyo kitakavyozikwa. Kwa hiyo Osée mwenyewe achague. Alimpa vibati vitatu vya kufungia kidole: cha kwanza kimenyooka, cha pili kimepinda kidogo, cha tatu kimepinda sana. Akae navyo wiki mbili, ale navyo, afanye navyo kazi, kisha arudi na kimoja.

Osée alihitaji saa moja. Alikwenda moja kwa moja dukani, akafunga kibati cha pili, akashika makasi, na kidole kikapanda mahali pake bila kuulizwa. Alikata kitenge kipande kizima, mstari umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho. Kilimuuma, ndiyo, lakini mkono ulikuwa umerudi kazini. Alifurahi mpaka akaketi chini katikati ya vitambaa, peke yake, anacheka.

Angerudi kesho yake kumwambia dokta, tungekuwa tumemaliza hapa. Lakini Osée alifanya kile ambacho kila mdogo wa nyumba ile angefanya. Alikwenda kumjulisha mkubwa wake.

Mkubwa wake ni Kambale, kaka ambaye Osée humwita yaya, muuza mabati na misumari, mzee wa kanisa, kichwa cha familia tangu baba yao alipofariki kule Butembo. Mtu mwema. Inafaa kulisema hilo mapema, kwa sababu mbele huko litasahaulika. Ndiye aliyemleta Osée Bunia, ndiye aliyemtafutia duka. Alipoelezwa kwamba kidole kitawekwa namna moja hadi kaburini, alisema jambo la kudumu namna hiyo haliwezi kuwa la mtu mmoja. Akaitisha kikao cha familia.

Walikutana Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Osée, watu kumi na mmoja. Mkono wa Osée uliwekwa juu ya mto katikati ya meza, vibati vitatu pembeni yake, kila mtu aone. Binamu yao Ephraïm, mwalimu, alikuwa na daftari, maana kikao kisicho na PV, yaani kumbukumbu za kikao zilizoandikwa, familia ile haikihesabu kuwa kikao. Kambale alifungua kwa sala, akaomba hekima juu ya kidole.

Jambo zito, ikaonekana, lilikuwa Patience. Patience ni binti wa kwanza wa Osée, na baada ya miezi miwili watu wa mchumba wake, Lucien, walikuwa waje na mbuzi zao kumwomba rasmi. Baba wa binti atawasalimu kwa mkono upi? Wa kuume. Na mkono huo utakuwa na kidole gani? Hapo shangazi Scholastique akajivuta mbele ya kiti. Alisema kidole kilichopinda ni kidole cha kuita. Mtu mzima anaitwa kwa kiganja kizima, kimeelekea chini. Kidole kimoja ni cha kuitia mbwa. Je, wakwe wafike na mbuzi zao, wakae, na baba wa binti awe anawaita kama mbwa toka salamu mpaka chakula? Watu waliguna. Mtu mmoja akasema kidole kilichonyooka nacho kinanyooshea watu, na kunyooshea mkwe kidole ni kumshitaki. Watu waliguna tena, kwa uzito uleule.

Basi wakafanya majaribio. Haki ya Mungu, wakafanya. Osée alifungwa vibati kimoja baada ya kingine, akapewa gilasi ya maji, akapita nayo mbele ya shangazi Scholastique, aliyekuwa amekaa sebuleni kama mama mkwe, kitambaa kichwani na mkoba magotini. Kwa kibati cha pili shangazi alisema amejisikia kuitwa. Kwa cha tatu alisema ameitwa na anaharakishwa. Kwa cha kwanza, kile cha kunyooka, alijisikia kushitakiwa, lakini akagundua kwamba Osée akiweka mkono juu ya paja kidole kinaelekea sakafuni, na sakafu haina familia. Hoja hiyo ilishinda. Ephraïm aliiandika jinsi ilivyo.

Kaswera, mke wa Osée, alikuwa analeta bugali na sombe ya majani ya muhogo. Alisimama na sahani mlangoni akauliza, "Na makasi?"

Kambale alimjibu kwa upole kwamba makasi ni mambo ya duka, na hapa wako katika mambo ya nyumba. Kaswera akaweka sahani mezani, kwa nguvu kidogo, karibu kabisa na ule mkono.

Osée alikuwa anangoja zamu yake. Katika nyumba ile mdogo husema mkubwa akishamaliza, na mkubwa akishamaliza husali, na baada ya sala hakuna anayesema, watu wanakula. Kambale alimaliza, akasali. Osée alikuwa na sentensi yake tayari kinywani tangu asubuhi, fupi, na aliimeza pamoja na sombe. Jioni alijichukia. Alimwambia Kaswera kwamba hospitalini dokta atamwuliza tena na hapo atasema, na Kaswera akasema sawa, Baba Patience, tutaona.

Dokta alimwuliza kweli. Alisoma mara mbili PV aliyopewa na Kambale, pamoja na muhuri wa chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, akaiweka kando. Akamwuliza Osée ni kibati gani mkono wake umekipenda. Kambale alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili, kofia juu ya goti, anatabasamu, amefunga duka lake siku nzima ili amsindikize mdogo wake.

"Ya kunyooka, dokta," Osée akasema.

Dokta akamwuliza kama amekijaribu kazini. Osée akasema amekijaribu, na hilo lilikuwa kweli; kwamba kilikataa makasi hakusema. Mara ya tatu dokta akamkumbusha kwamba hakigeuki tena. Osée akajibu kwamba ni vile familia imeona. Dokta akampa karatasi ya kukubali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidole kikawekwa kimenyooka, mkono ukafungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Na wiki ya tatu, bado plasta iko, baba wa Lucien akatuma habari kwamba macho yake yanamlazimu kwenda Kampala kutibiwa, na kwamba ikiwezekana sherehe iwahishwe, iwe Jumamosi hiyo. Ikawezekana. Wakwe walikuja na mbuzi zao, wakaimba, wakakaa. Osée aliwasalimu kwa mkono wa kushoto, ule wa kuume umening'inia shingoni mnene kama mkate, na wote walimpa pole. Kidole hakikumwita mtu, hakikumshitaki mtu. Hakikuonekana kabisa. Shangazi Scholastique alikula vizuri siku ile na hakulitaja jambo hilo, wala mwingine yeyote.

Plasta ilipotoka, mfupa ulikuwa umeshika kama saruji. Dokta aliinua picha kwenye mwanga akasema hajaona kazi iliyoshika vizuri zaidi mwaka ule. Maumivu hakuna. Kambale alimshukuru Mungu kwa sauti, manesi wakageuka.

Osée akarudi dukani. Kidole kilikuwa kimesimama kama rula. Alipoingiza mkono kwenye makasi kilibaki nje, mbele, kinatangulia kitambaa, na kila alipokata kilisukuma nguo pembeni. Alijaribu kukiweka juu, alijaribu chini. Alijaribu mkono wa kushoto, lakini makasi ya fundi yametengenezwa kwa mkono mmoja na hayasamehe. Aliharibu vitambaa vitatu vya wateja akavilipa, kisha akakaa kwenye benchi mlango umefungwa nusu. Alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba hakuona wa kumpa. Kila mtu alikuwa amemtakia mema.

Kaswera akaanza kukata badala yake. Osée alichora kwa chaki, akisimama nyuma yake, mkewe akikata kwa kuuma ulimi. Walishona hivyo nguo za kwaya ya akina mama, na mikono ya kushoto ikatoka mifupi kuliko ya kulia. Kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye adabu, alizipokea, akaamua tu kwamba Jumapili hiyo hawatainua mikono katika wimbo wa tatu. Wateja wengine hawakuwa na wimbo wa kupunguza. Wakahamia kwa fundi wa upande wa pili wa soko.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji ikafika siku ya kupimwa matokeo. Hiyo ni kawaida ya dokta Bibiane: kila mkono alioupasua unarudi, unapimwa nguvu, unaulizwa maswali, na majibu yanaandikwa kwenye fomu, kwa sababu bila hivyo, alisema, daktari anabaki kujisifu. Kambale alikuja pia. Walikaa watatu, yeye, Osée na Kaswera, kwenye benchi moja mbele ya meza.

Maumivu: sifuri. Mfupa: umeshika. Kidonda: kimepona. Kambale alikuwa anaitika kila jibu kwa kichwa kama anayesikiliza matokeo ya mtoto wake shuleni. Swali la mwisho lilikuwa kama mgonjwa ameridhika, kutoka sifuri mpaka kumi.

"Andika dix," Kambale akasema. "Familia yote iko na furaha."

"Sikuuliza familia, muzee," dokta akasema, akamgeukia Osée. "Kule, weye unasema ngapi?"

Osée alitazama mkono wake juu ya paja. Kidole kilikuwa kinaelekea sakafuni, kama ilivyopangwa. Aliogopa, na ni vizuri kusema hivyo wazi, mwanaume wa miaka arobaini na sita, baba wa bibi harusi, aliogopa. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kumpinga mkubwa wake hata juu ya chumvi.

"Dix ni ya yaya," akasema. "Yangu ni deux."

Dokta akaandika mbili. Kaswera alifumba macho akayafumbua. Kambale alifikiri hakusikia, akamwinamia mdogo wake, na Osée akaendelea kabla ujasiri haujamtoka, akamwuliza dokta kama kinaweza kuvunjwa tena kikawekwa upya. Dokta hakupamba maneno. Kinaweza. Atakata mfupa palepale uliposhika, aukunje, afunge waya tena. Kidole kitakuwa kifupi kidogo. Ni plasta wiki sita nyingine, na mfupa ulioshika vizuri mara ya kwanza unaweza kukataa mara ya pili. Ukikataa, maumivu yanarudi, na hapo hatakuwa na la kumwahidi.

"Basi turudi nyumbani kwanza," Kambale akasema. "Tuikale chini na familia, tuone."

"Mutaikala, yaya," Osée akasema. "Miye sitakuwa mule. Nitakuwa huku, wananipasua."

Uso wa Kambale haukuwa na hasira, na hilo lilimuuma Osée kuliko hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba mzigo wa mwingine njia ndefu, akaambiwa hakutumwa. Kwa mara ya kwanza aliutazama ule mkono si kama jambo la nyumba, akauliza polepole, kama anayemwuliza mtu wa mbali, "Ulikuwa unajua tangu mwanzo?"

"Tangu siku ya kwanza," Osée akasema.

Dokta akamwuliza anataka kipinde kiasi gani. Hakutoa vibati. Osée akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akakunja kidole hewani, kidogo, akakishikilia pale bila kutikisika mpaka dokta alipomaliza kupima na kuandika. Ni Jumanne ijayo, dokta akasema, asile kitu toka jioni ya Jumatatu.

Kambale alivaa kofia yake, kisha akaivua tena. Akauliza hiyo Jumanne ni saa ngapi, afunge duka amsindikize. Dokta akamwambia ni saa moja ya asubuhi, na kwamba anayehitajika ni mgonjwa mwenyewe tu.