Kisigino cha Dallin

Mfuko wa njegere ndio uliomfungua macho Verna Hrycak. Aliununua Jumatatu, akautia kwenye friza, njegere zikigongana humo ndani kama shanga. Alhamisi akaukuta umekuwa donge moja lenye shimo katikati, kana kwamba umekumbatia kitu. Njegere haziyeyuki zenyewe ndani ya friza kisha zikaganda tena. Kulikuwa na mkono wa mtu.

Na mtu wa kushukiwa alikuwa mmoja tu. Tangu Agosti alikuwa akikaa na Dallin Wiebe, kijana wa miaka kumi na saba aliyeletwa na timu ya mji kucheza hoki ya barafu. Ndivyo ilivyo Harrow Butte: vijana hutoka mbali, timu huwapa magongo, na wajane wenye vyumba vitupu huwapa kitanda na chakula. Verna alishalea sita. Mmoja alificha sigara, mmoja alificha paka, na wa nne alimficha binti wa mchungaji, kwa hiyo wazo la kwanza lilimwendea binti. Akanusa ngazi, akakagua mito. Lakini binti gani huyo wa kukalia njegere? Akaliacha wazo hilo kwa masikitiko, maana lingemstarehesha sana kanisani.

Akaanza kumchunguza. Dallin alishuka ngazi ubavu ubavu, kama kaa. Sinki lilikuwa kushoto kwake, lakini aliizunguka meza nzima kwa kulia ili alifikie. Na soksi hakuvua. Soksi nene za sufu asubuhi, soksi za sufu akienda kuoga.

"Bibi, mbona unanitazama hivyo?"

"Natazama kama umeshiba."

"Nimeshiba."

"Basi natazama sahani."

Kijana naye alikuwa na wasiwasi wake. Kila Jumatano kocha huwapigia simu wenye nyumba kuuliza kijana amelala saa ngapi na amekula nini. Wachezaji waliwaita wajane hao "redio." Simu ikilia tu, Dallin alifunga mdomo kama pochi.

Na alikuwa na sababu. Alikuwa amefunga bao mechi tisa mfululizo, na Harrow Butte mambo yakienda vizuri hakuna anayegusa kitu. Kocha hakubadilisha tai. Muuza petroli hakuhamisha gari lake kutoka pale lilipoegeshwa siku ya bao la kwanza, na theluji ilishalifunika hadi vioo. Verna mwenyewe, siku za mechi, alimchemshia pirogi kumi na moja, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kwa kuwa siku ile ya kwanza zilikuwa kumi na moja. Tena Jumamosi hii angekuja, kwa mara ya tatu, msaka vipaji wa timu kubwa. Akiridhika, Dallin angeitwa kambini kwao majira ya joto. Asiporidhika, kijana angerudi kwa baba yake kulisha ng'ombe.

Ijumaa asubuhi Verna akapiga deki jikoni, akamwaga maji kama anayenywesha farasi. Akamwambia Dallin avue soksi, hataki soksi mbichi kwenye zulia. Dallin akasema ataruka maji.

"Ukianguka, kocha ataniuliza mimi."

Kijana akavua ya kushoto tu.

"Na huo mwingine una baridi?" Verna akauliza.

Soksi ya pili ikatoka. Nyuma ya kisigino cha kulia palikuwa na nundu kama yai la njiwa, nyekundu kama kiazi ndani ya borschi, ile supu ya bitiruti. Dallin akasema mguu umekua, kiatu cha barafu hakikukua, na njegere zilikuwa za kuupoza usiku. Timu imeshampa vipya, ila angevivaa vipi na mechi tisa ziko vile? Akijipinda kushoto, mguu huo unawaka moto.

"Usimwambie kocha, Bibi. Ataniweka nje kesho."

Verna akamkumbuka marehemu Metro, mumewe, aliyeficha goti lililoumia msimu mmoja akachechemea miaka arobaini. Akasema hakuona kitu, miwani iko mezani. Dallin hakumwamini, na alifanya vizuri.

Kila Ijumaa Dallin aliacha viatu vyake uwanjani kwa fundi Ambrose Lukiw vinolewe vyuma, akavichukua jioni akitoka shule. Saa sita mchana Verna akaingia kwa Ambrose na chupa ya matango ya siki, akauliza kama ile mashine ya kutanua viatu bado inafanya kazi.

"Kwa mguu wa nani?"

"Wangu."

"Mguu wako naujua, ulinikanyaga nao dansini ukiwa msichana." Ambrose akatazama mlango, kisha viatu ambavyo Verna alikuwa ameshavishika. "Hivi ni vya Dallin. Nikivigusa naye asifunge, mji huu utanigandisha katikati ya uwanja."

"Nani atamwambia? Wewe kunitamkia tu kwamba unanipenda kulikuchukua miezi saba, mimi nimeshachumbiwa."

Ambrose akaivuta mashine.

Ngozi ikatanuka, lakini ikabaki alama ya duara inayong'aa. Verna akaipaka rangi nyeusi ya viatu kwa kidole. Njiani akajiapia: kijana akichechemea kesho, atamwendea kocha mbele ya watu wote.

Jumamosi akamwekea pirogi kumi na moja. Dallin akaitazama sahani, kisha kucha ya Verna, nyeusi tii. Akala kumi, akaacha moja.

Msaka vipaji alikaa juu kabisa, kwenye kona, na daftari lake, na mji mzima ulijifanya haumwoni. Dakika ya tatu Dallin akapokea ukingoni kile kisahani cheusi kinachochezewa badala ya mpira, akajipinda kushoto. Verna alikuwa hajaona jambo hilo tangu Novemba. Akajipinda tena, akampita beki ambaye alikuwa bado anageuza shingo. Shuti likagonga mwamba. La pili likadakwa. Timu ilishinda mawili kwa moja, yote kwa pasi za Dallin, lakini bao lake halikuwepo. Watu wakaanza kutazamana kumtafuta aliyegusa kitu. Ambrose akashusha kofia. Verna akaendelea kutema maganda ya alizeti kama malaika.

Jumapili kocha akapiga simu. Msaka vipaji alishayaona mabao ya kutosha. Alichorudi kutafuta ni kwa nini kijana mzuri vile haendi kushoto, na alishaandika daftarini kwamba ni mwoga. Jana amelifuta neno hilo. Dallin anatakiwa kambini. Kisha kocha akapunguza sauti, akauliza kama kuna kitu kimebadilika pale nyumbani.

"Pirogi," Verna akasema. "Amekula kumi."

Alipogeuka, mezani juu ya gazeti kulikuwa na kiatu kimoja cha barafu, cha kushoto. Dallin alisimama kando yake, miguu mitupu.

"Na hiki nacho kimeanza kubana," akasema.

Verna akamjibu kwamba hajui anazungumzia nini. Kisha akavaa miwani.

"Wapi hasa?"