Chumba cha Shilingi Tatu

Micah alipofariki, Chelagat alifagia chumba chao, akatandika kitanda, akafunga mlango na kuhamia jikoni. Huko alilala kwenye mkeka kando ya meko kwa miezi kumi na minne. Majirani wa Bondeni walijua, wala hawakusema kitu. Micah alikuwa seremala, na nusu ya milango ya mtaa ule ilikuwa kazi ya mikono yake.

Aliyesema ni shemeji yake, Kipketer, aliyefanya kazi katika shamba la ngano huko Mau Narok. Alikuwa mtu mwema, mzito wa maneno. Alimweleza Chelagat kwamba mwanamke hawezi kukaa mjini peke yake na kulipia kiwanja kwa kushona viraka. Ngano ikishavunwa, lori litaleta magunia Nakuru, na likirudi Mau Narok litamchukua yeye pamoja na kitanda. Chelagat hakubisha. Aliomba tu aachwe mpaka siku hiyo ya lori, na kama nyumba itakuwa imeanza kujilipia, wazungumze upya. Micah alikuwa amezikwa hapa hapa mjini. Kitanda alikitengeneza kwa mbao za mwerezi mwaka waliooana, na mpaka leo kilikuwa kikinukia. Hakutaka kuhama, na hakutaka kitanda kiende mahali ambapo hakuna aliyemjua fundi wake.

Basi akafungua chumba kwa wasafiri. Kila siku kulikuwa na watu walioshuka stesheni jioni na kungoja gari la asubuhi. Ng'ambo ya barabara, Obura alilaza watu sita sita kwenye mikeka, shilingi moja kila mtu. Chelagat alikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Kwa shilingi moja asingefika popote. Ilibidi iwe tatu, na ili iwe tatu, chumba kilipaswa kuonekana cha shilingi tatu.

Alidhani anajua kinavyoonekana. Kabla ya kuolewa alikuwa yaya kwa memsabu mmoja, na chumba cha wageni cha nyumba ile alikuwa akikitandika yeye. Akashona pazia la marikani. Akaweka maua ndani ya mkebe wa jamu. Shuka akazikaza na kuzichomeka chini ya godoro pande zote, hata ungedondosha kifungo pale juu, kingeruka.

Obura alikuja kutazama, akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Tatu, mama? Basi mimi nalala kwako, wageni wangu wajilinde wenyewe."

Mgeni wa kwanza alikuwa mwalimu kijana aitwaye Khaemba, aliyetoka upande wa Bungoma kuja kuulizwa maswali ya kazi katika shule moja ya mjini. Alikitazama chumba, akavua kofia, akakubali shilingi tatu bila neno. Asubuhi Chelagat alipoleta chai alimkuta amekwisha kuvaa, koti limejaa mikunjo na shingo imekakamaa. Kitanda kilikuwa vile vile, hakuna hata kidole kilichokigusa. Khaemba alitoa shilingi moja, akaona haya, akaeleza kwamba alikuwa amelala chini.

Chelagat alimuuliza kitanda kilikuwa na kasoro gani.

"Hakina kasoro, mama," alisema Khaemba. "Lakini ni cha mtu. Kimetandikwa kama cha mtu anayengojewa."

Alipokea ile shilingi. Siku nzima alishona huku sindano ikimchoma vidole. Wiki iliyofuata walikuja wengine wawili, na mmoja wao pia alilala chini. Obura akawaambia watu kwamba kwa mama Chelagat unalipa ili ukichunge kitanda. Mau Narok ngano ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Jumapili hiyo, alipotoka kanisani, Chelagat aliingia chumbani na kuufunga mlango. Alizichomoa shuka, upande mmoja mmoja, akalala mahali pake pa zamani, karibu na ukuta. Alilia kidogo. Kisha akalala usingizi kama mtu aliyetua mzigo, mchana kutwa, na alipoamka alinyoosha mkono kutafuta taa, mkono ukakuta hewa. Alishusha miguu, ikakanyaga sakafu baridi. Koti lake alikuwa amelitupa kwenye maua, kwa sababu hapakuwa na pa kulitundika. Alikaa pale ukingoni, akacheka peke yake. Alikuwa amekitengeneza chumba chote bila kulala humo hata mara moja.

Maua yakatoka. Kando ya kitanda akaweka kigoda cha karakana ya Micah, na juu yake taa na kiberiti. Chini akatandaza ngozi ya kondoo. Ukutani akapigilia misumari mitatu, na kwa nguo za safari akaazima pasi ya makaa. Shuka hakuzichomeka tena. Alikunja pembe moja, kama mtu aliyetoka hivi punde na kukuachia nafasi, na miguuni akaweka lile blanketi la kijivu la Micah, lenye tundu lililounguzwa na gundi ya moto.

Khaemba alipita tena baada ya siku chache. Kazi alikuwa ameipata; alikuja kutia sahihi tu, arudi kwao kufungasha vitu. Asubuhi ilibidi Chelagat amgongee mlango mara mbili, asije akachelewa gari. Alitoka na koti lililopigwa pasi, akalipa tatu, na huko stesheni akasema maneno ambayo Chelagat hakuyasikia. Alichokiona ni wageni tu. Kufikia mavuno, Obura mwenyewe alikuwa akimletea waliovaa tai.

Lori lilifika alasiri moja likiwa jeupe kwa vumbi. Magunia yangepimwa kesho yake, kwa hiyo Kipketer alilala kwa shemeji yake. Alipewa chumba kile, na hakuna aliyezungumzia habari ya kuhama.

Kipketer alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Asubuhi ile jua liliingia uani, chai ikachemka, ikapoa, ikapashwa tena. Alipotoka, alikuwa amejitupia blanketi la kijivu mabegani. Alikunywa chai bila kumtazama Chelagat usoni.

"Kile kitanda," alisema mwishowe, "kwangu hakitaingia. Mlango wangu ni mwembamba."

Chelagat alisema ni kweli, asingependa kikwaruzwe. Wote wawili walijua kwamba mlango ule wa Mau Narok aliutengeneza Micah, tena mpana, na kwamba kitanda kinafunguka kwa parafujo nne.

Lori lilirudi Mau Narok na magunia matupu. Chelagat akaingia chumbani, akakung'uta shuka, akakunja ile pembe moja.