Sahani Tatu za Nta

Kampuni ya santuri ilimpa Sonobe Fumiyo sahani tatu za nta za kurekodia na asubuhi moja. Saa nane mchana chumba kilikuwa na mwenyewe, bwana mmoja aliyerudi kutoka Berlin mwezi uliopita na barua za sifa mfuko mzima. Sahani za Fumiyo zikiharibika zote, kipande chake cha muziki angekirekodi bwana huyo.

Fumiyo alikuwa na miaka ishirini na minne. Alianza kujifunza kwao Hakata, kwa mke wa mchungaji, kwenye piano iliyokuwa na vibao vinne bubu. Baadaye alisoma Tokyo, akapiga katika kumbi tatu mbele ya watu waliokohoa sana. Berlin aliijua kwa ramani tu.

Mama yake alikuja kwa treni kumshuhudia, na ndani ya furushi lake alileta mshipi wa kimono wa marehemu bibi, mpana, wa hariri ya Hakata.

"Mama, hakuna atakayeniona," Fumiyo alisema alfajiri hiyo.

"Piano itakuona. Simama wima."

Akamfunga mpaka mbavu zikakaa foleni.

Fundi Kuwahata, mkuu wa mitambo, alikuwa mtu mdogo aliyebeba nta kama mtoto aliyelala. "Bibie, nikikusikilizisha sahani, sindano inaila," alieleza. "Kwa hiyo ya kwanza tunaitoa mhanga. Tutaisikiliza, tujue kasoro, basi."

Taa nyekundu ikawaka. Fumiyo akapiga. Kilikuwa kipande cha dakika nne kasoro, na katikati yake palikuwa na mahali pa kupiga kwa sauti ndogo mno, mikono ikitoka ncha moja ya piano hadi nyingine. Alipamaliza vizuri. Wakaisikiliza sahani wote watatu, yeye, fundi na mama.

Pale katikati, juu ya muziki, kitu kikasema: kyu. Kisha tena: kyu, kyu.

"Panya," alisema Kuwahata.

"Panya anayefuata mdundo?" aliuliza Fumiyo.

"Hapa hata panya wana nidhamu, bibie."

Hakuonekana panya. Kuwahata alilala chali chini ya piano akatia mafuta kanyagio. Alibadilisha kiti, akavua viatu vyake mwenyewe, kisha akaweka nta ya pili na kuvaa visikizio. Fumiyo alipofika katikati tu, alimwona akifumba macho kama aliyeumwa na jino. Sahani ya pili ikawa imekwenda.

Ilikuwa saa tano na nusu. Vidole vya Fumiyo vilikuwa vimepoa. Kuwahata alikuwa akigonga miguu ya piano mmoja mmoja, akiinamisha sikio.

"Mnatafuta nini hasa?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha pembeni.

"Ule mlio, mama," alijibu Kuwahata. "Kyu."

"Ule?" Mama alishangaa kweli. "Ule si ni mshipi. Usiolia si wa Hakata."

Kuwahata aliketi chini, viatu mkononi. "Na mama umekaa unatuangalia tu?"

"Nilidhani mmefurahi kuusikia."

Fumiyo alinyoosha mikono upande wa kulia kwa majaribio. Kyu. Alitaka kucheka, akaiona nta moja iliyobaki, akaacha.

"Nifungue, mama."

"Wa bibi yako?"

"Nifungue. Nina sahani moja."

Mama aliinuka, akamwongoza mwanawe nyuma ya kiwambo, akaufungua taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Mpishi wa chai wa kampuni alitoa mshipi wake laini wa pamba, uliofuliwa mara mia.

"Unafanana na mtu aliyetoka bafu la mtaani," mama alisema.

"Santuri haina macho."

"Mimi ninayo."

Hata hivyo alimfunga fundo zuri. Mshipi wa bibi aliukunja, akarudi nao kwenye kiti na kuupakata.

Taa ikawaka mara ya tatu. Safari hii Fumiyo alivuta pumzi mpaka tumboni, jambo ambalo asubuhi yote hakuliweza. Mikono ikaenda kushoto, ikarudi kulia, kimya. Sauti ya mwisho ikafifia. Kuwahata akainua sindano, akaifunika nta bila kuisikiliza.

"Tuombe Mungu," alisema, akatafuta viatu vyake.

Baada ya wiki saba santuri ilimfikia Fumiyo kwao Hakata, jina lake katikati kwa herufi za dhahabu. Ndani palikuwa na barua fupi ya Kuwahata: imepita, ila baada ya sauti ya mwisho kuna kitu hawakukielewa, wakakiacha kwa kuwa muziki ulikuwa umekwisha.

Waliipiga kwa jirani mwenye gramafoni. Katikati palikuwa safi kama maji ya mwisho ya kuoshea mchele. Muziki ukaisha, sindano ikakwaruza kidogo, kisha: kyu.

Fumiyo alimgeukia mama yake. Mama alikuwa akitazama mikono yake.

"Niliinama," alisema. "Umepiga vizuri namna ile, ningekaaje bila kuinama kwa heshima? Nilisahau kuwa nimeupakata mshipi."

Jirani akauliza kama aiondoe.

"Hapana," alisema mama. "Rudisha sindano. Pale mwishoni tu."