Mlaji Ndani ya Damu ya Binti Yangu

Ninyi wenye mabinti wajawazito, nisikilizeni.

Binti yangu ni fundi cherehani. Mimba yake ya kwanza ilipoanza kuonekana, midomo ilipauka, akipanda ngazi kidogo tu anahema. Nikamwambia twende akapimwe.

"Mama, sina homa. Nina mimba, siyo ugonjwa."

Wifi yangu akaangua kicheko. "Mwache mtoto apumue, Mama Wasiwasi! Wewe hata kuku akipiga chafya utamkimbiza hospitali."

Nikamgusa binti paji la uso: baridi kabisa. Basi nikahamia jikoni. Mayai, maini, maziwa, mboga za majani. Alikula mpaka sahani inang'aa, lakini alizidi kukauka, nikawa kama ninayemwaga maji kwenye gunia.

Asubuhi moja, ametoka tu kunywa chai, akaangukia cherehani yake. Fundi mwenzake alinipigia simu akilia. Nilifika pale na kiatu kimoja, kingine sijui nilikiacha wapi.

Hospitali walimtoboa kidole. Muuguzi akasema sukari imeshuka vibaya na damu imekwisha.

"Sukari ishuke vipi?" nikamaka. "Si amekula sasa hivi!"

Yeye alikuwa anatundika chupa ya maji ya sukari. Aliyenijibu ni mpimaji damu. "Ana malaria, mama. Tena nyingi mno."

"Malaria bila homa?"

"Kwa wajawazito hutokea. Njoo uone mwenyewe."

Nikainamia hadubini. Niliona viduara vya rangi ya waridi, vimejaa tele, na ndani ya vingine kuna kipete cha zambarau, kimetulia kama mwenye nyumba.

"Viduara ni chembe za damu yake," akasema. "Hicho kipete ni kimelea. Kinaingia ndani ya chembe, kinaweka vijitundu vyake ukutani, kinavuta sukari kutoka kwenye damu. Ule wekundu unaobeba hewa kinautafuna. Kikishazaana, chembe inapasuka, watoto wake wanavamia nyingine."

Mdudu amekaa ndani ya mwanangu, anamla kutoka ndani, na mimi nabadilisha mboga!

"Sasa maini yale nilikuwa nampikia nani?"

"Wote, mama, yeye na wadudu wake. Ila hawa hawangoji kukaribishwa."

Sikucheka. "Na mjukuu wangu?"

Akashusha sauti. "Vimelea hujificha pia kwenye kondo, pale chakula cha mtoto kinapopitia."

Wifi, aliyekuwa amenifuata na kusimama mlangoni, akakaa chini sakafuni, puu. Halafu akanigeukia mimi kwa ukali: "Na wewe, mbona hukumlazimisha?"

Jamani! Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Msingoje joto. Mjamzito akipauka, akichoka kupita kiasi, apimwe damu, hata kama paji lake ni barafu. Akitukana, atukane akiwa njiani.

Walimwekea dawa na damu ya mtu mwingine. Mkunga akaweka kipimo tumboni, akasikiliza. Akakisogeza. Akakisogeza tena, uso umekunjamana. Binti yangu akafumbua macho, akamtazama yeye, siyo mimi.

"Yupo," mkunga akasema. "Mdogo kuliko umri wake, lakini moyo unapiga."

Binti akanishika kidole. "Mama, kesho nipimwe tena."