Benchi la Nyuma

…na hasira yenyewe ilianza Jumapili, tarehe ishirini na tatu Novemba 1958, saa tano na dakika kumi kwa saa ya ukutani ya kanisa, saa ambayo iko mbele dakika saba tangu Pasaka na hakuna mzee hata mmoja aliyenyoosha mkono kuirekebisha, ilianza pale Mzee Joash aliposema "na Mama Zeddy amekubali", amekubali nini, Jeruto alijiuliza huku mtoto akimvuta kitambaa cha kichwa, amekubali lini, nani alimwuliza… "amekubali kwamba ng'ombe wa marehemu mume wake, yule mweusi, aletwe hapa kesho asubuhi, auzwe, tupate mabati ya paa, iwe kumbukumbu ya mtumishi wa Mungu Kimaiyo, Bwana asifiwe!" na kanisa zima likajibu "Asifiwe!", hata mdomo wake yeye ulifunguka kwa mazoea, akauwahi kwa meno. Ng'ombe wa marehemu! Marehemu alikuwa na baiskeli, na mkoba wa dawa, na Biblia iliyochanika mgongo akaishona mwenyewe kwa uzi wa kushonea vidonda, ng'ombe hakuwa naye, Njiru hakuwa wake hata ukwato mmoja, Njiru ni wa Karanja. Simama useme, Jeruto. Simama sasa hivi. Lakini Mzee Joash alikuwa ameshaendelea, mkono mmoja juu ya mimbari kama mtu anayeegemea ua wa nyumba yake, "ndugu yetu huyu alizaliwa Molo", Londiani, mzee, alizaliwa Londiani, "akawa dresa wa shamba, akafunga vidonda vya watu wote bila kubagua", hilo kweli, "na katika maisha yake yote hakukosa meza ya Bwana hata mara moja"… hata mara moja! Na ule mwaka mzima, mzee, mwaka aliotengwa kwa ulimi wako wewe, ule alikuwa ameketi wapi?

Alikuwa ameketi kule nyuma, benchi lile lisilo na egemeo karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa na kanisa, mkate ukipita wanatazama magoti yao, na yeye Jeruto alirudi likizo kutoka Makerere, sanduku kichwani, amejaa habari za kumweleza mchumba wake, akamkuta amebanwa kati ya mlevi wa Elburgon na mzee mwenye wake wawili, anaimba, tena anaimba sauti ya chini kuliko wanakwaya wote na hakosei, na kosa lake nini, akauliza, wakamwambia kwa kunong'ona, kiapo. Alionekana akila kiapo cha waasi na Mkikuyu. Mwaka ule wa hamsini na tatu neno hilo lilitosha kumfunga mtu maisha, mmisionari hakuuliza swali la pili, na harusi yao ikasogezwa mwaka mzima kwa sababu aliyetengwa hafungishwi ndoa, mama yake Jeruto akalia, shangazi zake wakasema tulikwambia, msomi mzima unamngoja mtu wa kupaka watu dawa ya zambarau… Kiapo! Malori ya serikali yalikuwa yamekuja alfajiri kuwabeba Wakikuyu wote wa shamba, kuku wamefungwa miguu, vitanda vimeachwa kwenye nyasi, na Karanja, jirani yao wa mistari ile ile ya nyumba za vibarua, akaja amemshika Njiru kwa kamba, akasema maneno mawili tu, "Nishikie, ndugu," na Kimaiyo akamshikia kama wafanyavyo kwao tangu zamani, mtu humwekea rafiki yake ng'ombe, rafiki hunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, aje kesho aje baada ya miaka kumi ni wa mwenyewe, wakang'oa nyasi mbichi wakazishika wote wawili, wakatemeana maziwa kidogo kifuani kwa baraka, basi, ndicho kiapo chenyewe, na jicho lililoona kupitia mianya ya ua lilikuwa la huyu hapa, huyu anayefuta jasho sasa kwa leso nyeupe, "alikuwa mtu wa baraka, ndugu zangu!"

Zeddy akapiga chafya. Jeruto akampangusa pua kwa pindo la sketi, na unyevu kidoleni ukamkumbusha nepi, Kimaiyo akifua nepi mtoni mchana kweupe, wanaume wa shamba wakimpigia kelele kutoka ng'ambo, "Wee dresa, umeolewa?" naye akijibu bila kuinua kichwa, "Nimeolewa vizuri, nyinyi je?" na kuwacheka mpaka wakaondoka wao… lakini kwa wazee hakujibu, hilo ndilo linalomchoma, kwa wazee alinyamaza, mwaka mzima hakusema kwamba hakikuwa kiapo, na alipomwuliza, walikuwa wameshaoana, yuko chini ya Njiru anakamua, alisema tu, "Ningesema ni wa Karanja, jioni hiyo hiyo wangemchukua kama walivyochukua wale wengine," wale wengine, ndiyo, fahali mwekundu na majike wawili ambao Mzee Joash aliwapata kwa bei ya kuku na mpaka leo wanakula nyasi nyuma ya nyumba yake, "na kuungama je?" akamwuliza, "ungeungama tu wakakufungulia," naye akakamua kidogo, povu likapanda, "Huungamwa dhambi, Jeruto." Kichwa kigumu! Mtakatifu wa kichwa kigumu! Ukanyamaza, ukafa, ukaniachia mimi mdomo wako uliofungwa niubebe pamoja na mtoto ambaye chakula chake asubuhi na jioni ni maziwa ya ng'ombe yule, hukuniuliza mimi nitakunywa nini, hukuuliza, "Bwana alimpenda, Bwana akamtwaa," Bwana hakumtwaa, ni lori la ngano lisilo na taa, kwenye ukungu, hapo penye kona ya kwenda Njoro, akitoka kumsaidia mke wa mtu kujifungua, mseme hivyo, lori, ngano, taa!

Naye Wangare amekuja. Jeruto alimwona alipoingia, mke wa Karanja, amekonda, kibali cha serikali cha kusafiri kimefungwa kwenye kona ya leso, amekaa wapi kama si benchi lile lile la nyuma, hakuna aliyemwelekeza, alikaa tu. Mlangoni alimshika mkono akamwambia, "Pole, Mama Zeddy. Alitushikia," na hakuuliza Njiru yu wapi, anazaa, amekufa, na sasa amesikia kwamba kesho anauzwa na hata kukohoa hajakohoa, kwa nini hakohoi, kwa nini watu wema wa dunia hii wote ni mabubu! Basi atasema yeye. Magoti yake yalikuwa yameshakaza, alikuwa ameshapanga sentensi ya kwanza, ndugu zangu kuna jambo hamlijui, ndipo Chepkurui, jirani yake aliyekaa mgongoni pake, aliyekuwa amelalamika tangu mwanzo kwamba mzee huyu akianza hamalizi na yeye ameacha chungu cha githeri motoni, akamwinamia sikioni.

"Mama Zeddy, sasa watamuuza Njiru namna gani, na mwenyewe ndiye yule amekaa mlangoni?"

"Wewe unajua?"

"Nani hajui? Tangu lini ng'ombe wa kwetu akaitwa Njiru? Ni jina la Kikikuyu hilo, mweusi. Kila jioni mume wako alimwita kwa sauti, sisi sote tukisikia."

…Wote. Walijua wote. Jeruto aliketi, ingawa hakuwa amesimama. Mama wa kwaya alijua, mshika sadaka alijua, Joash tangu siku ya kwanza alijua kabisa zile nyasi zilikuwa nini, ni nyasi za kwao, babu yake alizishika, walijua na wakala mkate, Jumapili baada ya Jumapili, huku Kimaiyo akitazama magoti yake, kwa hiyo hakuna jambo wasilolijua, hakuna sentensi ya kwanza, utamwamsha nani asiyelala, na hasira, badala ya kupanda, ikashuka, ikatulia miguuni, ikawa nzito na yenye kazi kama viatu vya shambani, na akaelewa kwamba Kimaiyo hakunyamaza kwa kuwaogopa, alikuwa akimwita Njiru kila jioni kwa sauti, alikuwa akiwaambia, kila jioni alikuwa akiwaambia. "…tusimame tuimbe," alisema Mzee Joash, na saa ya ukutani, bado mbele dakika saba, ilionyesha saa tano na robo.

Asubuhi ya Jumatatu alimkamua Njiru mara ya mwisho, akamnywesha Zeddy akashiba, akamfunga mgongoni, akang'oa nyasi mbichi mkono mmoja, mkono wa pili akashika kamba. Wangare alitangulia njia ya kurudi kwao na mtamba na ndama waliozaliwa na Njiru. Mzee Joash alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na mnunuzi, akapunga mkono, "Mama Zeddy! Ni huku! Lango ni huku!" na Jeruto akaziinua nyasi juu, juu kabisa, mahali pasipo ua wala mianya, akamwita ng'ombe kwa jina lake, kwa sauti, akapita.