Lango la Serafin

"Niende?"

Afra Plattner aliuliza akiwa amepunguza mwendo karibu kusimama, uso kaugeuzia kwenye ukungu alikojua kuna mtu. Sheria ya mbio za malango, za kuteleza kwa skii mlimani kwenye theluji, inaruhusu: mkimbiaji mwenye shaka humuuliza mwamuzi wa lango, na mwamuzi hujibu neno moja tu kati ya mawili. Nenda, au rudi.

Serafin Gstrein alikuwa ameona. Ncha ya skii ya kushoto ilipita upande usio wake, na mwanzi wa lango, ambao skii zote mbili hutakiwa zipite upande mmoja wake, ukapita katikati ya miguu miwili. Bado ulikuwa unatikisika.

"Nenda!" akasema.

Akaenda. Ukungu ukamfunika kabla hajafika lango lililofuata, ikabaki sauti ya skii zikikwaruza barafu, kisha hata hiyo ikapotea. Serafin alibaki kinywa wazi. Neno lilimtoka kabla hajalipima, naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupima.

Mteremko ule wakati wa kiangazi ni malisho, na Serafin ndiye huchunga ng'ombe wa kijiji pale na kutengeneza jibini. Wachungaji wengine huwaita ng'ombe kwa kunyoosha mkono mtupu, mnyama akadhani kuna chumvi, akaja, akafungwa kamba. Serafin hakuwahi kufanya hivyo. Mkono wake ukinyooshwa, chumvi imo. Ndiyo maana wanakijiji walipopewa kuandaa mashindano ya dunia, na waamuzi wakatafutwa, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Kwamba alikuwa baba wa ubatizo wa Afra hakuna aliyejali. Bonde dogo lile, nani si ndugu wa nani?

Kazi ya mwamuzi haiishii kutazama. Kila mkimbiaji akishapita, husawazisha theluji ili anayefuata asikute mfereji. Serafin alikuwa na reki yake ya mbao, ile ile ya kukusanyia nyasi kavu. Aliinama langoni akaiona alama: mstari mmoja wa skii kulia kwa mwanzi, mwingine kushoto. Ushahidi wote ulikuwa pale chini ya buti zake. Mkimbiaji mwingine alikuwa njiani. Akavuta reki mara mbili, kama kazi inavyomtaka, na theluji ikawa laini kama uso wa maziwa.

Sasa hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Mkimbiaji wa mwisho alipopita, kipaza sauti kikalia huko chini. Afra, aliyekuwa ameongoza kwa mbali katika mshuko wa kwanza kati ya miwili, ameshika nafasi ya tatu. Medali! Kengele za ng'ombe zilipigwa kwa fujo, bendi ya tarumbeta ikaanza wimbo kabla wapigaji wote hawajawa tayari. Serafin alifurahi. Hilo lazima lisemwe: moyo wake uliruka kwa furaha kamili, na aibu ilikuja baadaye.

Hartmann Klotz, mkuu wa waamuzi, alikuwa akishuka kutoka lango hadi lango kupokea taarifa.

"Kwako safi, eh? Sema haraka, miguu imekufa ganzi, na huko chini wameshafungua chupa."

"Si safi."

"Nini tena?"

"Afra. Mwanzi ulipita katikati ya miguu."

Hartmann akasema polepole, "Kwa ukungu huu? Mimi hata pua yangu siioni."

"Pua yako inaonekana toka ng'ambo ya bonde, Hartmann. Nimeona."

"Serafin, bonde hili halijawahi kupata medali, hata ya bati. Na yule ni mtoto wako wa ubatizo. Mtu akisema hakuona vizuri, nani atamlaumu?"

"Niliona. Aliniuliza, nikamwambia nenda. Wapelekee yote mawili."

"Unajua jibu lako halimwokoi. Kosa ni la mkimbiaji."

"Najua."

Hartmann alijifuta uso kwa glavu, akashuka bila kuaga.

Serafin alisubiri. Kipaza sauti kilisema maneno machache. Tarumbeta zilikatika katikati ya wimbo. Kengele zilinyamaza moja moja, ya mwisho ikaendelea peke yake kidogo, labda ya mzee asiyesikia vizuri, mpaka mtu akamshika mkono.

Alikuwa bado amesimama pale Afra alipotokea kwenye ukungu akipanda kwa miguu, skii begani, nywele zimeganda kwenye paji la uso. Serafin alivua kofia. Hakujua kwa nini.

"Mwanangu, ilinibidi niwaambie."

"Kwa hilo sina ugomvi na wewe," Afra alisema. Alikuwa amelia, na hakujificha. "Baba Serafin, niliusikia mwanzi kwenye goti. Unadhani niliuliza kwa nini?"

Serafin aliikunjakunja kofia mkononi.

"Ungeniambia rudi, ningepanda hatua chache tu, nikapita vizuri. Ningefika wa mwisho, na watu wangenicheka mpaka Pasaka. Lakini ningefika. Sasa wamenifuta, utadhani sikuja kabisa." Akapumua. "Uliniita kwa mkono mtupu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi yoyote. "Nilitaka upate," alisema. "Nilitaka sana, Afra. Macho yaliona, mdomo ukakataa."

Afra akampita, akapanda mpaka upande wa juu wa lango, akatupa skii chini na kuzifunga miguuni. Chini kule vibarua walikuwa wameanza kung'oa mianzi, wakiitana kwenye ukungu. Lango la Serafin lilikuwa bado limesimama.

Afra alishuka taratibu, kama mtoto anayejifunza, akauzunguka mwanzi, akasimama pale pale aliposimama mwanzo. Hakugeuka.

"Niende?"

Serafin aliinama, mikono juu ya mpini wa reki. Akautazama mstari wa skii ya kulia, kisha wa kushoto, toka juu ya lango hadi chini yake. Yote miwili ilikuwa upande mmoja wa mwanzi. Hakuharakisha kujibu.