Joto Lililoachwa na Nyota

Siku hiyo shangazi yangu Namkunda aliniambia mbele ya wanawake wote, "Nakiete, kesho tunachoma vyungu. Kaa la kuwashia hutoka jikoni kwa marehemu mama yako, na wa kulileta ni wewe. Usipolileta, moto wake umekwisha." Nikarudi nyumbani. Mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Nilijilaza kitandani kwa mama bila hata kuongeza kuni jikoni, nikalia mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi nyeusi isiyo na ardhi, ambako kila nyota ilikuwa jiko lenye mwenyewe. Mlangoni alikaa Hofu, amejifunika blanketi mpaka puani. "Rudi, binti. Hata darasa la tano hukumaliza, huku utaelewa nini?" Nikageuka kweli, lakini mwanamke mwenye majivu mikononi akanishika. Alikuwa Subira. "Mwache huyo, mwanangu. Hata mimi hunifukuza kila siku. Njoo umwone Ukarimu."

Ukarimu alikuwa nyota kubwa kuliko zote, tena mgonjwa. Tumboni mwake alikuwa amepika chuma na vitu nisivyovijua majina. Tulipomkaribia akapasuka. Mwanga ukajaa nchi yote, kisha giza.

"Amekwisha!" nikalia.

"Tazama vizuri," akasema Subira.

Gizani zilipeperuka chembe ndogo kuliko unga. Moja ikatua kiganjani mwangu, ina joto.

"Wewe nani?"

"Alumini."

"Alumini! Sufuria zenu ndizo zilizomharibia mama soko la vyungu!"

Ikacheka. "Huyo wa sufuria ni ndugu yangu mtulivu wa jina moja nami, dada. Mimi kutulia siwezi. Ninageuka kuwa kitu kingine, na katika kugeuka ninatoa joto."

"Na mkishageuka wote?"

"Ule udongo pale utakuwa umeshaiva."

Nikatazama. Vumbi lilikuwa likijifinyanga kuwa dunia changa, na ndani yake chembe zile zilikuwa zikiichemsha.

"Joto la marehemu halikai milele, mwanangu," Subira akasema taratibu. "Lazima likute udongo."

Nikaamka kumepambazuka, maneno yale bado masikioni. Jiko la mama lilikuwa limepoa. Nikafukua majivu kwa vidole, na chini kabisa kaa moja, dogo kama punje ya hindi, lilikuwa bado jekundu. Nikaliweka kwenye kigae cha chungu, nikalipuliza njia nzima. Kwenye kiwanja cha kuchomea vyungu wanawake wote wakanigeukia.

Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. "Leteni nyasi kavu, mama zangu. Linapoa."